Mtoto Si Mali ya Nyumba

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 2013, iko wazi. Mzazi asiyempeleka mtoto wake shule ametenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa jela muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Mwaka 2019 sheria hiyo ilibisha hodi katika nyumba moja magharibi mwa nchi, ambako wazazi walikuwa wakiwasomesha watoto wao wenyewe. Kesi ikafunguliwa, na suala zima la kusomesha nyumbani likapelekwa Mahakama Kuu kama ombi la kikatiba.

Tangu hapo mjadala umekuwa wa haki. Wazazi hutaja ibara ya 26 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, inayowatanguliza wao katika kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, pamoja na ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inayolinda uhuru wa dhamiri na dini. Serikali nayo hujibu kwa ibara ya 53 ya Katiba hiyohiyo ya 2010: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Hoja za pande zote mbili zina uzito. Lakini zikivutana muda mrefu huanza kufanana na ndugu wanaogombea shamba, huyu ana hati na yule ana hati, na aliye katikati haulizwi.

Mzazi Mkristo ana neno la kusema kabla ya kufika kwenye haki zake. Imani yake inamwambia kwamba mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwamba yeye na mwenzake wamekabidhiwa kwa muda, na kwamba siku moja watatoa hesabu. Serikali haimmiliki mtoto huyo. Baba na mama pia hawammiliki. Jambo hili hutamkwa kanisani mtoto anapobatizwa au kuwekwa wakfu, waumini wote wakiitikia amina, kisha Jumatatu likija suala la masomo halikumbukwi tena. Anayelishika hadi Jumatatu ataona linagusa kila kitu: kitabu kipi kinunuliwe, nani akae mezani na mtoto, mlango wa nyumba uwe wazi kiasi gani, na mtoto akianguka atainuliwaje. Hapo ndipo falsafa ya elimu inapoanzia, na bila hapo kusomesha nyumbani ni kuhamisha dawati tu.

Familia nyingi huanzia kwenye hofu, na si haki kuzicheka. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni la shule ya msingi kaunti ya Nyeri. Mwaka 2001, huko Kyanguli, kaunti ya Machakos, wavulana 67 walikufa vivyo hivyo. Mzazi aliyesoma habari hizo akaamua mtoto wake asilale mbali hana haja ya kujieleza kwa mtu. Wengine walianza wakati wa korona, shule zilipofungwa Machi 2020. Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na katika kipindi hicho wazazi wengi waligundua kwamba wanaweza kufundisha, au walau kwamba hawakuwa wakijua watoto wao wanafundishwa nini. Hofu humtoa mtu nyumba inayoungua. Haimwambii ajenge wapi.

Basi kinachofuata mara nyingi ni ununuzi. Miongoni mwa mitaala inayojulikana sana kwa familia hizi Afrika Mashariki ni ile ya Accelerated Christian Education, iliyoanzishwa Texas mwaka 1970. Kila somo limegawanywa katika vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto hukaa peke yake kwenye meza iliyozibwa pande kwa mbao, akisoma na kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Akikwama husimamisha kibendera kidogo ili msimamizi aje. Akimaliza ukurasa huenda kwenye meza ya majibu akajisahihisha mwenyewe, na kwenye mtihani wa kila kijitabu akipata asilimia 80 anaendelea na kinachofuata. Mtaala huo una sifa zake: mtoto hajifunzi kwa kukimbizana na mwenzake, hujifunza kujipangia kazi, na mama asiye na cheti cha ualimu hupata pa kuanzia.

Hata hivyo kila kijitabu kinabeba falsafa ndani yake, iwe mnunuzi ameiona au hajaiona. Kwamba kujua ni kuchagua neno sahihi la kujaza pengo. Kwamba mwalimu ni msimamizi anayengoja kibendera. Na kwa kuwa vimeandikwa Marekani kwa ajili ya Wamarekani, mtoto wa Kitale au Mbeya anaweza kumaliza mwaka akijua majimbo ya Marekani vizuri kuliko mito inayomwaga maji Ziwa Victoria. Aya za Biblia zilizochapwa juu ya kurasa hazitoshi kuifanya elimu kuwa ya Kikristo. Swali ni kama namna yenyewe ya kufundisha inamtendea mtoto kama mtu anayezungumziwa na Mungu na anayeweza kujibu.

Historia ya Ukristo katika nchi hizi inalifanya swali hilo kuwa gumu zaidi kuliko lilivyo Texas. Injili huku ilikuja imeshika kitabu cha kusomea. Wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka makao Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, shule ilikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo. Bagamoyo mwaka 1868 na Freretown mwaka 1875, wamisionari waliwalea watu waliokombolewa utumwani, wakiwemo watoto waliopokonywa wazazi wao. Pale bweni lilikuwa huruma. Lakini misheni iliposogea bara, bweni likaendelea kwa sababu nyingine: kumtenga mtoto na mila za kwao. Shule hizo zilitoa madaktari, walimu, mapadri na viongozi wa uhuru, na hakuna anayepaswa kuzinyima shukrani. Pamoja na hayo, zilipanda wazo ambalo Wakristo wengi bado wanaishi nalo, kwamba elimu iko mbali na nyumbani, na sehemu ya mzazi ni kulipa ada na kuonekana siku ya wazazi.

Wapo waliolikataa wazo hilo mapema. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi, Wakristo kwa maelfu, waliondoka wakajenga shule zao chini ya vyama kama Kikuyu Independent Schools Association. Mwaka 1939 wakapata chuo chao cha walimu pale Githunguri, kikaendelea hadi serikali ya kikoloni ilipokifunga katika hali ya hatari ya 1952. Kuhusu tohara yenyewe wazazi wale walikosea, na Wakenya wengi wa leo watakubali hivyo. Swali waliloliuliza, la nani ana sauti juu ya mtoto, halikuwa la kipuuzi, na liliachwa bila jibu. Kusini ya mpaka, Nyerere, Mkatoliki aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Kabla ya kugusa mihtasari aliuliza taifa linataka kujenga jamii ya namna gani, kisha ndipo akauliza shule ifundishe nini. Mtu anaweza kukataa ujamaa wote na bado akajifunza mpangilio huo. Familia ndogo ya Arusha yenye watoto watatu na meza moja inahitaji kuuliza kwa utaratibu uleule.

Kuna nyumba moja katika historia ya Kanisa inayotajwa kila mara Wakristo wanapozungumza kuhusu kusomesha nyumbani, nayo ni nyumba ya kasisi wa Epworth, Lincolnshire, Uingereza. Susanna Wesley alizaa humo wengi kati ya watoto wake 19. 10 ndio waliofika utu uzima, wakiwemo John na Charles, waanzilishi wa Umethodisti. Barua aliyomwandikia John Julai 1732 inaeleza alivyofanya. Mtoto alianza kusoma siku iliyofuata kutimiza miaka mitano. Siku moja kabla, nyumba ilipangwa, kila mtu akapewa kazi yake, na ikaagizwa kwamba mtu yeyote asiingie chumbani saa 3 hadi saa 6, wala saa 8 hadi saa 11. Siku hiyo ya kwanza mtoto alijifunza herufi zote. Ni wawili tu, Mary na Anne, waliohitaji siku moja na nusu. Kesho yake akaanza Mwanzo sura ya kwanza: mstari mmoja, herufi kwa herufi, kisha neno kwa neno, akiurudia hadi usomeke bila kusita, ndipo ukaja wa pili.

Mabinti walifundishwa pamoja na wavulana, na Susanna alishika kanuni kwamba msichana asiwekwe kwenye kazi za mikono kabla hajajua kusoma vizuri. Huo ulikuwa mwanzo wa karne ya 18. Karibu kila jioni alikaa na mtoto mmoja peke yake kuzungumza naye mambo ya moyo wake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi, na akiwa mtu mzima aliikumbuka na kuitamani. Hapa ndipo nyumba inaposhinda shule yoyote duniani. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani hawezi kutoa jioni hiyo hata akiwa malaika. Familia inayosomesha nyumbani na haina saa kama hiyo, kwa sababu mama amechoka kusahihisha vijitabu, imeuza kitu bora ilichokuwa nacho.

Lakini wanaomsifu Susanna huwa hawasimulii habari za Mehetabel.

Mehetabel, aliyeitwa Hetty, alikuwa pengine mwenye kipaji kuliko ndugu zake wote. Alisomeshwa kwenye meza ileile, akaijua lugha ya Kigiriki akiwa msichana mdogo, na alipokua akaandika mashairi yaliyochapishwa. Mwaka 1725, katika mapenzi ambayo baba yake aliyapinga, alitoroka na mwanamume ambaye hakumwoa, akarudi nyumbani akiwa mjamzito. Baba yake, Mchungaji Samuel Wesley, hakumsamehe. Aliozwa haraka kwa fundi mabomba, ndoa iliyomtesa miaka mingi, na mlango wa nyumba iliyomlea ukabaki umefungwa. Mwaka uliofuata John, akiwa kijana, alihubiri juu ya upendo unaostahili kuonyeshwa hata kwa mkosaji. Mzee Samuel aliuelewa ujumbe na akakasirika.

Barua ileile ya 1732 inaonyesha ufa ulianzia wapi. Susanna aliamini kwamba kazi ya kwanza ya mzazi ni kuishinda nia ya mtoto, na watoto wake walifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini tangu umri wa mwaka mmoja. Mtoto akitazamwa kama ngome ya kuvunjwa, kuanguka kwake ukubwani huonekana kama uasi dhidi ya nyumba, na nyumba hujilinda. Ukristo una neno kwa ajili ya hali hiyo, na neno hilo ni neema. Wazazi wanaotaka kujua kama falsafa yao ni ya Kikristo wasianzie kwenye orodha ya mistari ya kukariri. Wajiulize itakuwaje binti yao wa miaka 19, aliyefundishwa kila kitu kwa mikono yao, akirudi na jambo la kuwaaibisha mbele ya kanisa. Jibu hilo likiwa halijulikani, mtaala wowote utakaonunuliwa utakuwa umejengwa juu ya mchanga.

Njia nyingine ilionyeshwa na Mwingereza mwingine, Charlotte Mason, aliyezaliwa 1842 na kufariki 1923. Kitabu chake kuhusu elimu ya nyumbani kilitoka 1886, na mwaka 1892 alifungua chuo mjini Ambleside cha kuwaandaa wanawake kufundisha watoto. Mason alikuwa Mwanglikana wa dhati, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba mtoto huzaliwa akiwa mtu kamili. Haji kuwa mtu baada ya kufundishwa. Kutoka hapo alipata mengine: masomo mafupi kwa wadogo, vitabu vilivyoandikwa na watu wanaoipenda mada yao, muda mrefu nje ya nyumba, na masimulizi. Mzazi husoma kipande mara moja tu, kisha mtoto anakieleza kwa maneno yake mwenyewe, bila kuulizwa maswali ya mtego.

Masimulizi ya namna hiyo hayahitaji hata shilingi moja, na katika nchi ambako hadithi ni urithi wa kila kabila hayana ugeni. Mtoto wa miaka saba anasomewa habari za Daudi pangoni En-Gedi, akikata upindo wa vazi la Sauli. Anasimulia: mfalme aliingia pangoni, hakujua Daudi yumo ndani, Daudi akaja polepole, akakata nguo, hakumuua. Halafu ananyamaza, anauliza kwa nini moyo wa Daudi ulimchoma wakati alichokata ni kitambaa tu. Swali hilo lina theolojia nzima ya mamlaka na dhamiri ndani yake. Hakuna pengo la kujaza ambalo lingelitoa. Mama anaweza kulijibu, au akasema hajui na wakaulizana na baba jioni, na siku hiyo elimu imefanyika.

Na mtoto huyo asimulie kwa Kiswahili, au kwa lugha ya bibi yake. Nyumba nyingi zinazosomesha nyumbani zimeingia Kiingereza moja kwa moja kwa sababu vijitabu ni vya Kiingereza, na matunda yake yanasikitisha: mtoto anayejua Zaburi kwa lugha ambayo hawezi kuitumia kuomba pamoja na bibi yake mgonjwa kijijini. Biblia ya Kiswahili iliyotoka 1952 ina Kiswahili cha kumfundisha mtoto sentensi ndefu na adabu ya maneno. Pembeni yake ziwekwe kazi za Shaaban Robert, kama Kusadikika na Adili na Nduguze. Wapo wazazi watakaosita kwa kuwa Shaaban Robert alikuwa Mwislamu. Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, alilijibu jambo hilo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita alipowakumbusha Wakristo kwamba Waisraeli walitoka Misri na dhahabu ya Wamisri: ukweli na uzuri ni wa Mungu popote vinapopatikana. Mtoto wa Tanga au Mombasa anayekua bila kujua kwamba jirani yake Mwislamu ameandika vitabu vya haki na utu amenyimwa sehemu ya amri ya kumpenda jirani.

Hapo ndipo suala la mlango linapokuja. Kama mtoto si mali ya nyumba, watu wengine wana haki ya kumwona. Shangazi, mchungaji, daktari, na ndiyo, afisa wa elimu. Baadhi ya watetezi wa elimu ya nyumbani huchukulia ukaguzi wowote kama mateso ya imani. Wanakosea, na wanawaacha bila kinga watoto wachache ambao nyumba zao kweli zina ukatili au ambao hawafundishwi kabisa. Serikali nayo hukosea inapomweka mzazi anayefundisha kwa bidii kundi moja na anayemtuma mtoto machimboni. Ujerumani imechagua kukataza, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiunga mkono mwaka 2006. Afrika Kusini imechagua njia ya busara zaidi: kifungu cha 51 cha Sheria ya Shule ya 1996 kinaitambua elimu ya nyumbani na kumtaka mzazi ajiandikishe. Bunge la Kenya linaweza kufuata njia hiyo, na familia za Kikristo zingekuwa na ushahidi mzuri kama zenyewe ndizo zingekuwa za kwanza kuomba kuandikishwa na kukaguliwa. Mtaala wa umilisi, ulioingia madarasani rasmi mwaka 2019, tayari unamtaja mzazi kama mshirika wa mwalimu. Sheria ya 2013 haijaufikia.

Baba lazima atajwe pia. Katika nyumba nyingi za namna hii anayefundisha ni mama, aliyeacha kazi ya mshahara, na baba hutoa pesa na kuongoza sala. Mwanamageuzi Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, aliielekeza kwa kichwa cha nyumba, aifundishe mwenyewe kwa watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Hakusema amwagize mkewe. Baba anayeamini kwamba Mungu amemkabidhi watoto achukue walau somo moja na kulishika mwaka mzima, hesabu au historia, jioni au Jumamosi, hata kama anafika nyumbani saa 1 usiku akiwa na vumbi la barabarani.

Kwa familia inayoanza, kazi ya kwanza inafanyika kabla ya kununua chochote: baba na mama waandike kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja, mtoto wao ni nani mbele ya Mungu, wanataka awe mtu wa namna gani, ni nani nje ya nyumba atakayeona maendeleo yake, na watafanya nini akianguka. Wampe mchungaji asome na awapinge pale anapoona kasoro.

Kuna jambo ambalo haliwezekani nyumbani, nalo ni sehemu ya vitendo ya mitihani ya sayansi. Kijana anayefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, kama mtahiniwa binafsi anahitaji kituo, vifaa na mtu wa kumwonyesha jinsi ya kupima asidi bila kujiunguza. Makanisa ya Kenya na Tanzania yana shule za sekondari kila mahali, zenye maabara zinazofungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu. Dayosisi inaweza kuzifungua Jumamosi kwa ada ndogo, na mwalimu wa kemia akalipwa kwa saa zake. Vijana wa familia hizi wakae benchi moja na wanafunzi wa kutwa wa jirani ambao shule zao hazina maabara.